Mipaka Mipya na Maji Yetu ya Lualaba

Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama, wafanyakazi na watu wa mji wa Kabondo-Dianda. Tunaichapa hapa ili isomwe pia na wenzetu walio migodini.



Mmezoea kusikia katika mikutano yetu habari za mishahara, kodi, shule, barabara na viti vya serikali. Hayo ni madai ya haki, wala hatutayaacha. Lakini leo tunataka kusema juu ya maji, samaki na miti. Yuko atakayeuliza: siasa na samaki, wapi na wapi? Jibu letu ni hili. Katika nchi yetu, kila mara serikali ilipotikisika, na kila mara wakubwa walipochora mstari mpya kwenye ramani, mto wetu na maziwa yetu yaliumia. Tena aliyelipa hasara hakuwa yule aliyeshika kalamu. Aliyelipa ni mvuvi wa Kisale, na mfanyakazi wa Likasi au Kolwezi ambaye mke wake hununua samaki huyo sokoni apate kitoweo cha bukari.

Tusikilizane basi, tuende hatua kwa hatua.

SHABA NA SAMAKI

Mji wetu umekaa juu ya reli, kati ya Bukama na Kamina. Reli hiyo ilitoka kusini kwenye migodi, ikafika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ilikuwa imekwisha kupita huku kwetu mpaka Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo. Mashariki yetu liko bonde la Upemba. Mto Lualaba ukitoka upande wa Kolwezi unapita Bukama, kisha unaingia katika bonde hilo. Hapo unapoteza haraka yake, unatawanyika katika mafunjo na maziwa mengi, makubwa na madogo: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine. Mto Lufira nao unatoka upande wa Likasi, unateremka na kukutana na Lualaba hapo hapo Kisale.

Angalieni vizuri jambo hili, maana ndilo mzizi wa maneno yetu yote ya leo. Mito yote miwili inatoka katika nchi ya shaba. Yote miwili inateremkia katika nchi ya samaki. Kitu kinachotupwa majini kule juu hakikai kule juu.

Wazee wetu walijua kwamba nchi hizo mbili zinategemeana, hata kabla Mzungu hajafika. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Waliwakuta watu waliozikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, wamewekewa vyungu vya kazi nzuri, vitu vya chuma na vitu vya shaba. Katika makaburi ya nyakati za baadaye ilionekana misalaba midogo ya shaba. Lakini pale Kisale hapana mgodi wa shaba. Shaba ile ilitoka kusini. Watu wa maziwa walikuwa na samaki, watu wa kusini walikuwa na shaba, na njia ya biashara ilipita katikati yao. Ndiyo kusema uhusiano wa shaba na samaki ni wa zamani kuliko serikali yoyote iliyotutawala.

Wakoloni nao waliujua uhusiano huo, wakautumia kwa faida yao. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Migodi ilihitaji watu, na watu walihitaji kula. Samaki mkavu wa maziwa akapakiwa, akapelekwa kusini kulisha kambi za wafanyakazi. Meli za mvuke zikashuka kutoka Bukama mpaka Kongolo, zikichoma kuni za kando ya mto. Hivyo hata kabla ya vita yoyote, mto ulikuwa umekwisha kuajiriwa na mgodi. Tofauti ni moja tu: mto haukupewa mshahara.

MSTARI WA MWAKA 1939

Tarehe 15 Mei 1939 Wabelgiji walitia sahihi amri ya kuanzisha Mbuga ya Taifa ya Upemba. Ukubwa wake ulikuwa kilomita za mraba 17,730. Wakati ule ilikuwa moja ya mbuga kubwa za Afrika. Ndani ya mstari ule walitia nyanda za juu za Lusinga pamoja na sehemu ya maziwa.

Tuseme kweli bila kupindisha. Mbuga hiyo ilihifadhi wanyama. Punda milia wa nchi ya Kongo wamebaki Upemba, na mtoto wa Kongo akitaka kumwona akiwa huru porini katika nchi yake atafute njia ya kwenda huko. Hilo ni jambo la kheri. Lakini mstari ule ulichorwa bila kuwauliza wenye nchi. Watu waliokuwa wakilima na kuvua humo waliambiwa watoke. Mtu aliyevua jana kwa ruhusa ya mfalme wake, leo akivua anaitwa mwizi. Desturi za zamani zilizomwambia mvuvi ni wapi asitege na ni wakati gani aache maji yapumzike, zikahesabiwa kuwa si kitu. Baina ya mwaka 1946 na 1949 ujumbe wa wataalamu ulizunguka mbuga nzima ukikusanya wanyama, samaki, wadudu na majani. Vitabu vyao vilichapwa Brussels. Elimu ya maji yetu ikakaa ng'ambo, na mtu wa Kisale akabaki na amri peke yake.

Kwa hiyo siku mlinzi wa Kibelgiji alipoondoka, walibaki watu wachache sana walioona kwamba mbuga ile ni mali yao. Kitu kilicholindwa kwa bunduki ya mgeni hubaki uchi mgeni akienda zake. Mwaka 1975 mipaka ya mbuga ilipunguzwa, na hapo pia ramani iligeuzwa na wakubwa, si na mkutano wa wavuvi.

MWAKA 1960: MTO WASHIKWA MATEKA

Uhuru wa Kongo ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, kabla hata ya majuma mawili kutimia, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Wazee mlioko hapa hamhitaji kufundishwa yaliyofuata. Upande wa kaskazini wa Katanga, watu wa Balubakat wa Jason Sendwe walikataa kujitenga huko. Askari wakatumwa. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia porini, mashamba yakaachwa. Umoja wa Mataifa ukaweka majeshi yake na kutangaza sehemu ambazo pande mbili zisipigane.

Katika habari za vita ile watu hukumbuka miji na majina ya wakubwa. Sisi tunataka mkumbuke bwawa la Nzilo. Bwawa hilo, ambalo Wabelgiji waliliita Delcommune, lilijengwa juu ya Lualaba karibu na Kolwezi na kuanza kazi mwaka 1952, ili migodi ipate umeme. Chini yake lilifuata lile la Nseke, mwaka 1956. Mwezi wa Januari 1963, vita ilipokuwa ikiisha, watu wa Tshombe walitishia kuyaharibu mabwawa na mitambo ya umeme, na baruti ikategwa. Ilikuwa kana kwamba wanasema: tukikosa kutawala sisi, basi pasiwe na kitu cha kutawala. Kwa bahati njema mapatano yalifikiwa, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi tarehe 21 Januari bila bwawa kuvunjwa.

Fikirini, ndugu. Maji yale yote yangeteremkia wapi? Yangeteremka kuja Bukama, kisha maziwani. Mvuvi ambaye hakumpigia mtu kura ya kujitenga, ambaye hakupata hata franka moja ya shaba, alikuwa analala chini ya baruti iliyotegwa mbali naye, upande wa juu wa mto. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa hata samaki wangeumia.

Ramani nayo haikutulia. Mwaka 1962 likaundwa jimbo la Nord-Katanga, makao yake Albertville, yaani Kalemie ya leo. Mwaka 1963 likaundwa jimbo la Lualaba upande wa Kolwezi, na jingine upande wa Élisabethville. Kufika mwisho wa mwaka 1966 yote yalikuwa yameunganishwa tena. Kwa miaka ile michache mto mmoja ulikuwa na serikali zaidi ya moja: kichwa chake upande huu, tumbo lake upande ule. Liwekeni jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

JIRANI ZETU WA LUAPULA

Labda mtu atasema: mnatutisha bure, samaki hawezi kuisha kwa sababu ya mpaka. Basi tutoke kidogo katika bonde letu, twende mashariki ya Lubumbashi, kwenye mto Luapula na ziwa Mweru. Kule jambo hilo limekwisha kutokea, na mashahidi wapo.

Mwaka 1894 Waingereza na mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana kwamba mpaka wao upite katika Luapula na Mweru. Ukoo mmoja ukawa na watu wa ng'ambo hii, waliokuwa chini ya Mbelgiji, na watu wa ng'ambo ile, waliokuwa chini ya Mwingereza. Katika maji yale aliishi samaki mkubwa aitwaye mpumbu. Kila mwaka mto ulipofurika, mpumbu walipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Nao walitamaniwa sana, kwa nyama yao na kwa mayai yao.

Migodi ya Élisabethville ilihitaji chakula. Wafanyabiashara Wagiriki wakaweka makao Kasenga, kando ya Luapula, wakasomba samaki kwa malori mpaka migodini. Nyavu zikazibwa mtoni wakati ule ule samaki alipokuwa akipanda kutaga. Serikali mbili zilikuwa na sheria mbili, na kila upande uliogopa kwamba samaki utakaowaacha leo, jirani atawavua kesho. Mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yale makubwa ya mpumbu yalikuwa yamevunjika. Hayakurudi tena kama yalivyokuwa.

Halafu machafuko ya Katanga ya mwaka 1960 yakageuza mambo tena. Wafanyabiashara wengi wa Kasenga waliondoka, na biashara kubwa ya samaki ikahamia ng'ambo ya pili, katika nchi iliyokuja kuitwa Zambia mwaka 1964. Soko likahama, nyavu zikahama, na mzigo wa kulisha miji ukahamia ukingo mwingine wa ziwa lile lile. Leo watu wengi wa Mweru wanaishi kwa chisense, samaki mdogo kama kidole. Mpumbu imebaki kuwa hadithi ya wazee.

Ndugu zetu, huo ndio ushahidi. Samaki alikuwa mmoja, mto ulikuwa mmoja, wenye kula walikuwa wafanyakazi kama sisi. Kilichokuwa viwili ni serikali. Na baina ya serikali mbili samaki alikosa mwenyewe.

VITA VYA KARIBUNI

Turudi kwetu. Vita iliyoanza mwaka 1998 iliigawa Kongo tena, na mstari wa mapigano ukapita kaskazini ya Katanga. Vijana wengi walipewa bunduki wakaitwa Mai-Mai, ili wapigane na waliovamia nchi. Vita ilipokwisha mwaka 2003, bunduki hazikurudishwa zote. Sehemu ya baina ya Mitwaba, Manono na Pweto ikapata jina la kutisha: pembetatu ya kifo.

Mwezi wa Mei 2004 kituo cha Lusinga, makao ya Mbuga ya Upemba, kilishambuliwa na watu wakauawa. Mlinzi asiyepata mshahara wala risasi atamzuia nani? Tembo wakawindwa kwa ajili ya pembe, wanyama wa nyika wakawindwa kwa ajili ya nyama ya wenye silaha.

Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, jeshi lilipowafuata Mai-Mai, maelfu ya raia walikimbia. Wengi walikimbilia kwenye ziwa Upemba. Wako walioishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, palipo na mbu, pasipo na maji safi wala kuni. Nani atamlaumu mama aliyekimbia moto, akifika ziwani akavua kila kisamaki kinachopita ili mtoto wake asife? Sisi hatumlaumu. Tunasema tu kwamba ziwa nalo lilikuwa kambi ya wakimbizi, na kambi hiyo haikutembelewa na mtu wa kuuliza: maji haya yatapona lini?

MSTARI WA MWAKA 2015

Sasa tumefika kwenye mstari wa karibuni kuliko yote. Mwaka 2015 majimbo 11 ya Kongo yaligawanywa yakawa 26, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyokuwa imeagiza. Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika, na Haut-Lomami, jimbo letu, makao yake Kamina. Wengi walifurahi. Tuliambiwa serikali itakaribia mwananchi. Nasi hatukatai kwamba mtu wa Kabondo-Dianda ana haki ya kuwa na gavana asiyekaa mbali kule Lubumbashi.

Lakini tazameni ramani kwa macho ya mto. Kolwezi na Nzilo ziko jimbo la Lualaba. Likasi iko Haut-Katanga. Bukama na Malemba-Nkulu, pamoja na bonde la maziwa, ziko Haut-Lomami. Mbuga ya Upemba yenyewe imelala juu ya majimbo matatu. Yale ya mwaka 1963 tuliyosema myaweke akilini yamerudi kwa sura nyingine: kichwa cha mto kina gavana wake, tumbo la mto lina gavana wake.

Sasa tazameni fedha. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kwamba ushuru unaolipwa kwa ajili ya madini yaliyochimbwa ugawanywe hivi: asilimia 50 iende kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo ambamo mgodi upo, 15 kwa wilaya au mji ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sikilizeni neno lile: ambamo mgodi upo. Sheria haikusema: ambamo maji ya mgodi yanateremkia. Kwa hiyo fedha inasimama mpakani kama mtu aliyekosa kitambulisho. Matope ya mgodi yanapita bila kuulizwa.

Si maneno ya chuki tunayosema. Ni mambo yaliyopimwa. Mito ya Luilu na Musonoi kule Kolwezi imepokea mabaki ya viwanda tangu siku za wakoloni, na maji yake huishia Lualaba. Mto Panda wa Likasi unaingia Lufira. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kiasi cha kobalti walichokiona kilikuwa miongoni mwa vikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi kiwandani. Wengine katika waliopimwa walikuwa watoto. Na samaki wa ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira mwaka 1930, wameonekana kuwa na metali zenye sumu.

Jambo jingine ni miti. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yanatoa umeme, na umeme huo unazungusha mitambo ya migodi. Nyumba nyingi za wafanyakazi hazina umeme wa kutosha hata wa kuchemsha chai. Mama anapika kwa makala. Ndiyo maana misitu ya miombo inayozunguka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi imerudi nyuma mwaka kwa mwaka, na mchoma makala anakwenda mbali zaidi kila msimu. Mti ukikatwa juu ya kilima, mvua inashusha udongo mtoni. Udongo unakwenda kutulia pale maji yanapotulia, yaani maziwani kwetu. Mto tumeuzuia ili tupate umeme, halafu tunakata miti kwa sababu umeme haukutufikia. Hesabu hiyo ni ya hasara mara mbili.

TUNADAI NINI?

Sasa mtasema: mmetueleza ugonjwa, dawa iko wapi? Hatusemi majimbo yafutwe. Mistari imechorwa na kufutwa mara nyingi katika nchi hii, na kila mara waliofaidi ni wenye kugombea viti. Tunasema kwamba mpaka wa utawala usiwe mpaka wa wajibu. Tunadai mambo matano.

La kwanza. Majimbo matatu, Lualaba, Haut-Katanga na Haut-Lomami, yawe na baraza moja la mto. Katika baraza hilo wakae watu wa serikali, wafalme wa kimila, watu wa mbuga, wavuvi waliochaguliwa na wavuvi wenzao, na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi. Mgodi mpya ukitaka kumwaga maji, au bwawa jipya likitaka kujengwa, watu wa chini ya mto waulizwe kabla ya sahihi, si baada yake.

La pili. Fedha ifuate maji. Wabunge wetu wa Kinshasa wadai sheria irekebishwe, ili wilaya zinazopokea maji ya migodi zipate fungu, hata kama mgodi hauko ndani ya mpaka wao. Mfuko wa vizazi vijavyo una jina zuri. Kizazi kijacho kitakunywa nini, ikiwa mto hautasafishwa leo?

La tatu. Miezi ya kufunga uvuvi iwe mamoja katika maziwa yote ya bonde, na ikaguliwe na wavuvi wenyewe. Maji yanapopanda, samaki huingia katika nyasi kutaga mayai. Wakati huo nyavu za macho madogo, na vyandarua vilivyotolewa kwa ajili ya mbu, vinakusanya mbegu ya mwaka ujao. Zambia hufunga uvuvi tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari katika maziwa yake mengi. Jambo hilo linawezekana. Lakini mvuvi anayeambiwa atulie miezi mitatu lazima awe na shamba, mkopo au kazi ya kumshika miezi hiyo. Amri bila chakula haifiki mbali.

La nne. Mbuga ya Upemba iwe na wenyewe. Mlinzi alipwe mshahara wake kwa wakati. Vijana wa Bukama, Malemba-Nkulu na Mitwaba wapewe kazi hiyo kwanza. Mipaka ya mbuga ielezwe wazi kwa Kiswahili na Kiluba, kijiji kwa kijiji, na pale ambapo mvuvi ana haki ya zamani, haki hiyo iandikwe. Mlinzi na mvuvi wakiwa maadui, mwenye kufurahi ni jangili.

La tano, nalo linawahusu ninyi wafanyakazi wa migodi kuliko wengine wote. Ninyi mnaona. Mnajua bomba lipi linamwaga wapi, na saa ngapi za usiku. Mnajua ukuta upi wa bwawa la matope umepasuka. Mkaguzi wa serikali huja mara moja kwa mwaka na kupewa chai ofisini. Ninyi mpo kila siku. Basi tunataka wajumbe wa wafanyakazi, wanapokaa na wakubwa wa kampuni kuzungumza mishahara, watie katika madai yao jambo hili: maji yanayotoka kiwandani yapimwe, na matokeo yasomwe mbele ya watu katika lugha wanayoijua. Mfanyakazi asifukuzwe kazi kwa kusema aliyoyaona. Tusimwachie mtu mmoja mzigo huo, aseme peke yake kisha afukuzwe peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yuko atakayesema: mimi nalipwa na mgodi, nikisema juu ya maji nitakosa mkate wangu. Tunamheshimu, maana ana watoto. Lakini ajiulize: mshahara ule unanunua nini? Unanunua unga, mafuta, makala na samaki. Samaki akiadimika, bei inapanda, na nyongeza ya mshahara mliyoigombania inamezwa sokoni. Na siku shaba itakapokwisha, maana shaba haizai, mtarudi wapi? Wengi wenu mna baba na mama katika vijiji vya bonde hili. Mtarudi Bukama, Kabondo-Dianda, Malemba-Nkulu. Mtataka kukuta shamba lenye udongo na ziwa lenye samaki.

Wenzetu wa siku za uhuru walidai nchi. Walikuwa na haki, na wengine walitoa roho zao. Lakini nchi si bendera na jengo la gavana tu. Nchi ni udongo, maji na kilicho hai ndani yake. Mtu akikupa bendera huku maji yako yameharibika, amekupa nusu ya uhuru.

Kila kikundi cha chama kikae juma hili, kijadili madai haya matano, kiandike majina ya mito na visima vya mahali pake vilivyoharibika, na tangu mwaka gani. Wafanyakazi wa Kolwezi na Likasi waandike upande wao wa juu, wavuvi wa maziwa waandike upande wao wa chini. Karatasi hizo tutaziweka pamoja na kuzipeleka Kamina, Kolwezi na Lubumbashi siku moja, kwa mkono mmoja, ili gavana yeyote asiseme kwamba jambo hili ni la jirani yake.

 Maswali yaanze.